Mtoe Majini

Chungu kipya kikitiwa maji mara ya kwanza hutoa harufu. Wenzangu mliokulia kando ya ziwa mnaijua. Inafanana na mvua inapogusa vumbi, ila hii ni nzito zaidi, inakaa puani kama kitu cha kutafuna. Wapo wanaoipenda. Kwangu mimi ni harufu ya alasiri ile mama yangu alipoambiwa kwamba mume wake amekufa maji, na huyo mume mwenyewe amekaa nyuma yake, anashona wavu na kula ndizi ya kuchoma. Juzi mwanangu ameniletea chungu kutoka sokoni Kyela. Nimekitia maji, nimekaa chini, na leo natafuta kalamu. Kusoma kwangu kuliishia kwa mwalimu wa misheni aliyenifundisha herufi mpaka nikaweza Zaburi, basi. Lakini macho yangu yaliona, na mlio rika langu mtanisahihisha nikikosea.

Nilizaliwa Ikombe, pale ambapo mlima hausimami mbali kama milima yenye adabu, unaingia majini moja kwa moja. Shamba la maana hatukuwa nalo. Wanaume walivua, wanawake walifinyanga. Vyungu vikishachomwa tulivipanga kwenye mtumbwi, tukafuata ufuko mpaka Mwaya kubadilishana na Wanyakyusa: wao watupe ndizi, mahindi na maharage, sisi tuwape vya kupikia. Walitucheka kwamba tunakula udongo. Tuliwacheka kwamba wanaogopa maji yanayofika magotini. Baadaye nikaja kuolewa huko huko kwao, Ndandalo, nikanyamaza kucheka.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi wa kutajwa. Chungu chake ukikigonga kwa kidole kilijibu. Baba alikuwa mpiga kasia, mrefu, mwenye sikio la kushoto lililochanwa na ndoano utotoni, na mtu wa mzaha hata msibani. Mimi ndiye niliyekaa nyuma ya mtumbwi wake na kibuyu, nikikumba maji yanayoingia. Watoto wa kiume walinionea wivu. Waache waone.

Wadachi tuliowajua walikuja kwa mambo mawili, kodi au Mungu. Kwa hiyo meli ilipomshusha mzungu mmoja mwenye masanduku mengi na ndevu za rangi ya kutu, watu walijificha kwanza wapate kujua ni wa upande upi. Hakuwa na upande. Hakuuliza vibanda vingapi, hakuuliza nani amebatizwa. Aliuliza ule mto unaitwaje. Kisha akamwendea mtu mwingine, akamuuliza mto ule ule, kisha na wa tatu, kama mama mkwe anayechunguza habari za bibi arusi. Alionja udongo wa mama kwa ulimi. Alilala kifudifudi juu ya jiwe akisikiliza maji yanavyopiga chini yake.

Alikuwa na kamba ndefu yenye risasi nzito mwishoni na vitambaa vyekundu vilivyofungwa kila baada ya kipande. Tulimwita Bwana Kamba. Baba ndiye aliyempeleka ziwani kila asubuhi, na mimi nyuma na kibuyu changu. Bwana alishusha kamba, akahesabu vitambaa, akaandika, akanipa kipande cha sukari. Siku moja tulifika chini ya lile jabali jeusi ambako hata wavuvi hupita haraka. Akashusha kamba ikaisha. Akaunga nyingine, ikaisha nayo. Akabaki ameishika ncha, maji yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko, uso wake kama wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu.

"Mbona unahuzunika, Bwana?" baba alimwambia. "Samaki wenyewe wako juu."

Bwana hakucheka. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiyatazama maji.

Mchana alikaa kivulini kwenye meza iliyotengenezwa kwa ubao wa mtumbwi mkuukuu, akaandika. Akichoka kuandika alisimama akatembea huku na huku akiongea peke yake, mara kwa sauti nene, mara nyembamba ya mwanamke, mara kwa kikohozi cha mzee. Sisi watoto tulimfuata nyuma tukimwiga. Mpishi wake Feruzi, mtu wa pwani mwenye kofia safi na ulimi mkali, ndiye aliyekuwa mkalimani wake pia. Alitufukuza kwa mwiko. "Tokeni! Mtu yuko kazini!"

Kila alasiri Feruzi alikuja kwetu kula mbalaga za mama, maana alisema chakula cha bwana wake hakina chumvi wala huruma. Alizisifu ndizi zile kwanza, kisha akaleta habari.

"Anaandika nini siku zote?" mama alimuuliza.

"Hadithi, mama mfinyanzi. Ziwa lenu, mlima wenu, upepo wenu."

"Upepo wetu tunaujua. Anamwandikia nani?"

"Watu wa kwao. Wana ramani za nchi zote, wanazitundika ukutani. Bwana anasema ramani haina upepo. Basi yeye anakwenda nchi yenyewe, anakaa, anaitazama mpaka aijue, kisha anaitungia hadithi, upepo unaingia."

"Kwa hiyo ni uongo."

"Ni uongo, lakini milima yake ni ya kweli. Kwao mtu wa namna hiyo anaheshimiwa kabisa. Hana mke, hana nyumba, ana masanduku. Nimetembea naye nchi nyingi."

Akatuhadithia. Nchi moja ilikuwa ya mchanga mtupu, na katika hadithi ya huko mtu alikufa kwa kiu. Nchi nyingine ilikuwa na maji yanayoganda yakawa mawe meupe, na huko mtu alikufa kwa baridi. Nyingine ilikuwa na mto mkubwa wenye homa. Wengine walisikiliza wakasema maajabu. Mimi nilisikia hesabu. Nikaelewa, kwa akili yangu ya mtoto, kwamba kila nchi anayopita bwana huyu hulipa mtu mmoja, kama kodi ya kibanda, na ya kwetu bado haijatozwa. Sikumwambia yeyote. Lakini tangu siku ile sukari yake niliila nikimtazama mikono.

Wakati huo watu walikuwa wanagombania kuingizwa. Feruzi akisema leo bwana ameandika mwanamke anayechoma vyungu, jirani yetu Sekela alikuja mbio, unga mikononi. "Ni mimi? Amesema nina mdomo mkubwa?" Feruzi akamwambia amesema una sauti inayofika ng'ambo ya ziwa. Sekela alitembea na sifa hiyo kama amevikwa shanga. Baba alijua yumo, tena mwanzo mpaka mwisho, na alianza kupiga kasia kwa madaha kana kwamba watu wa Ulaya wamesimama ufukoni wanamtazama.

Sasa alasiri yenyewe. Mama alikuwa amekaa na chungu kikubwa mbele yake, anakizungusha juu ya kigae, mkono mmoja ndani unasukuma ubavu utoke, mwingine nje unakwangua. Baba nyuma yake na wavu. Mimi nalowesha kibuyu cha kusugulia. Feruzi akaja, akaketi, hakuzisifu ndizi.

"Leo bwana amelia," alisema.

"Amepata habari mbaya?" baba aliuliza.

"Hapana. Amemuua mpiga kasia."

Mkono wa mama ulitoboa chungu. Niliona vidole vinatokeza upande wa pili, na chungu kikakaa chini taratibu kama mtu aliyekatwa miguu.

"Mpiga kasia yupi?"

Feruzi akaona alikofika. "Wa hadithi, mama. Wa hadithi tu."

"Ana sikio lililochanika?"

"Analo."

"Ana mtoto wa kike anayekumba maji?"

"Anaye, lakini..."

"Amekufaje?"

"Maji," Feruzi alisema kwa sauti ndogo. "Chini ya lile jabali. Anashuka, anashuka, hafiki chini."

Baba peke yake ndiye aliyecheka. "Basi nimekufa! Nani atamalizia wavu huu?"

Niwaeleze vijana mtakaosomewa haya. Kwetu, na kwa Wanyakyusa pia, pumzi ya watu si kitu chepesi. Mtu akinung'unika moyoni juu ya mwenzake, mwenzake huugua. Akitamka kifo chake, amekifungulia mlango. Na dawa yake si kunyamaza. Dawa ni kulisema neno lile wazi mbele ya watu, kuchukua maji kinywani na kuyapuliza chini, neno litoke na maji, ardhi ilinywe. Hata ndugu waliochukiana walifanya hivyo, wakala pamoja. Sasa huyu mgeni alikuwa amekula mbalaga zetu, amekaa katika mtumbwi wetu, kisha ametamka kifo, tena amekitamka kwa wino ambao haukauki ukapotea. Mama aliinuka na udongo mpaka viwikoni, hakunawa.

Bwana alimwona anakuja, akasimama, akamsogezea kiti. Mama hakukitazama kiti.

"Bwana, mtoe mume wangu majini."

Feruzi alitafsiri. Bwana akasema kwa upole kwamba huyo si mume wake, ni mtu aliyemtunga.

"Umemtunga kwa sikio la nani?"

Watu walishaanza kukusanyika, na baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja na fimbo yake. Kisha bwana akaongea muda mrefu, na Feruzi akatafsiri polepole, mara hii bila madoido yake ya pwani. Bwana anasema ameshusha kamba zake zote. Anasema akiwaandikia watu wa kwao kwamba ziwa hili linakwenda chini sana, watasoma, watapiga miayo, watafunua ukurasa mwingine. Lakini akishuka mtu waliyekwisha kumpenda, naye asirudi, hapo ndipo watakapojua kina chake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kamba yako imekwisha," alisema, "ukaungia mume wangu."

Feruzi hakulitafsiri neno hilo mara moja. Alipolitafsiri, bwana alikaa chini.

Mimi nikaona nafasi yangu. Nikapenya katikati ya miguu ya watu nikamwambia bwana, "Mzamishe Feruzi."

"Ala!" Feruzi aliruka. "Mtoto huyu! Na sukari yetu yote aliyokula!"

Watu waliangua kicheko, hata baba mkubwa, na bwana alipoelezwa alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kikohozi kibaya cha mtu mwenye homa ndani. Alipokwisha kukohoa alikuwa amelainika. Alisema, haya, atamtoa. Atakata kurasa zile. Lakini wamwambie ampeleke wapi. Hadithi haiwezi kumwacha mtu kwenye mtumbwi kasia mkononi milele, lazima imfanye kitu.

Lilikuwa swali la wazee, na baba mkubwa alikuwa tayari anasafisha koo. Mama hakumsubiri.

"Mpeleke nchi kavu. Mpandishe mlima huu, avuke kwa Wakinga, aende mbali na maji haya mpaka miguu ichoke."

Bwana akaandika. Kisha akainua macho akauliza jambo, na Feruzi akasema, "Anauliza, na arudi?"

Mama alikuwa ameanza kukung'uta udongo mikononi. Alishashinda, alikuwa anataka kwenda kuokoa udongo wa chungu chake kabla haujakauka. "Hilo atajua mwenyewe," alisema. "Mradi asife maji."

Wakaleta maji kwenye kibuyu. Bwana alifundishwa, akajaza mashavu, akapuliza, na nusu ikamwagikia ndevuni, na watoto tukacheka tukaanguka. Kurasa alizichana mbele yetu, hilo sisemi uongo, nilimwona. Mama akampigia magoti kidogo kama inavyopasa, akamshukuru, "Ndaga fijo, Bwana." Jioni ile alimpelekea samaki. Baba alidai kwamba yeye ndiye aliyeonewa, maana ametolewa pahali pa kuliliwa na wanawake wa Ulaya akapelekwa kwa Wakinga kwenye baridi.

Bwana hakukaa sana baada ya hapo. Homa ilimzidi, wakamwinua kwenye meli na masanduku yake, Feruzi anapunga kofia. Kama alikimaliza kitabu sijui. Kama alifika kwao sijui.

Kisha ikaja vita, ya wazungu kwa wazungu, na sisi katikati kama nyasi. Kwanza tulisikia mizinga upande wa Songwe, tukadhani ni radi isiyo na wingu. Kisha wakaja askari wa boma kutafuta wapagazi. Wengine walikimbilia majabali. Baba hakukimbia, alikuwa majini anategua wavu, wakamngoja ufukoni kama wanamngoja samaki. Walimfunga kamba pamoja na wengine, wakawabebesha masanduku ya risasi, wakawapandisha mlima. Ule ule. Kwa njia ya Wakinga. Baba aligeuka akapiga kelele kwamba mtu asiuguse wavu wake. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona midomo yake inatembea bila sauti. Wakati huo sikujua anasema nini. Nilidhani anaomba.

Baba hakurudi. Mtu mmoja wa Matema aliyetoroka alisema alimwona Ubena, anakohoa, mzigo kichwani. Mwingine alisema hapana, walimwacha njiani kabla ya hapo, kando ya kijito, lakini kijito gani hakujua, huko juu vijito ni vingi na yeye alikuwa amechoka kuuliza majina. Mvua zilipita, na mvua nyingine. Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaja, mama akaendelea kufinyanga, na siku moja akiwa ameshika udongo akasema, si kwangu, ni kwa ule udongo, "Aliniuliza. 'Na arudi?' Aliniuliza kwa kinywa chake." Ndipo nikajua midomo yake ilisema nini siku ile mlangoni.

"Juba, mama yangu, ni vita," nilimwambia. Nilikuwa nimeshakua kiasi. "Vita imewachukua wengi."

"Vita imewachukua wote. Yule bwana aliniuliza mimi."

Mimi siamini hivyo, na leo naweza kusema wazi. Wanaume waliopandishwa mlima pamoja na baba hakuna mzungu aliyewatungia hadithi, nao wako wapi? Nimezika mume, nimezika watoto, hakuna aliyewaandika popote. Lakini mwambie hayo mtu aliyeulizwa swali akajibu kwa haraka kwa sababu udongo wake unakauka. Nilimwambia mpaka nikachoka. Alikuwa akinitazama kama mtu anayesikiliza kelele za ng'ambo.

Baba mkubwa aliona anakonda, akaja na shauri. Tukate mgomba, tuuvike nguo ya marehemu, tuuzike, tulie, yaishe. Mama alimwuliza, "Shemeji, mgomba huo wa nani? Una mwenyewe shambani. Siwezi kulilia ndizi ya mtu." Baba mkubwa akaondoka amekasirika, na watu wakasema mjane yule ana kiburi. Alikuwa nacho. Nami nimekirithi, sikatai.

Kulipokucha aliniambia nilete kasia. Tuliingia kwenye mtumbwi wa baba, ambao ulikuwa umeanza kuoza na kuvuja, nikakumba maji mpaka mkono ukafa ganzi. Hakukuwa na upepo wa mwera asubuhi ile, ziwa lilikuwa limelala. Inzi wa ziwa walisimama mbali kama moshi. Alipiga kasia yeye mwenyewe mpaka chini ya jabali jeusi, akaacha, mtumbwi ukazunguka polepole. Nilidhani anataka kujitupa, nikamshika nguo. Akautoa mkono wangu bila hasira. Kisha akamwita yule bwana, kwa sauti ambayo hata Sekela hakuwahi kuwa nayo, na jabali likamrudishia:

"Mrudishe majini! Bwana, mrudishe majini!"

Akalia hapo kilio cha mazishi, kile kirefu chenye kutaja ukoo, kazi za mtu, mizaha yake, sikio lake. Alilia mpaka sauti ikaisha. Nami nililia, maana hadi asubuhi ile hatukuwa na mahali pa kulilia. Aliponawa uso kwa maji yale yale, alisema tu, "Haya, twende. Kuna vyungu vya kuchoma."

Tulipokwenda Mwaya na vyungu, wanawake wa Kinyakyusa walimwuliza, kama wanavyouliza watu, "Mama, na mzee wako?" Kwanza alijibu, "Alikufa maji," akaishia hapo. Safari iliyofuata akaongeza mwera uliogeuka ghafla. Baadaye ikaja kasia iliyovunjika, kisha jinsi alivyopiga kelele watu wasiuguse wavu wake, kisha rangi ya maji yaliyomfunika, na kushuka kwake, anashuka, anashuka. Mwaka hadi mwaka alizidi kuisimulia vizuri. Wanawake walilia, wakashika vinywa, wakaongeza mikungu ya ndizi kwenye mtumbwi wetu bila kuombwa. Mimi nilisimama pembeni nikijua kila neno lisilokuwa kweli, na sikumkatiza hata mara moja.

"Ni wapi hapo?" walimwuliza mwishoni. Siku zote kuna mmoja anayeuliza.

Mama aligeukia ng'ambo, mahali mlima unapoingia majini, akanyoosha kidole. "Pale. Chini ya jabali lile jeusi."

Nao waligeuka wote wakatazama. Na mimi, niliyejua, niligeuka nikatazama.